Jenga jukiboksi ya nyumbani kwa vifaa vilivyostaafishwa

Kwenye shughuli nyingi za siku hizi muziki hutoka kwenye simu ya mtu mmoja. Mwenye simu ndiye anayechagua, na akipigiwa, wimbo unakatika. Bibi anayetaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe na kijana anayetaka kibao kilichotoka wiki hii wote wanabaki kuomba. Jukiboksi ililimaliza tatizo hilo zamani. Ilisimama ukumbini wazi kwa kila mtu: ukitia sarafu na kubonyeza herufi na namba, wimbo wako unaingia kwenye foleni pamoja na nyimbo za wenzako. Baa za Nairobi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa nazo, zikipiga santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika.

Leo mashine ya namna hiyo unaweza kuijenga nyumbani, yenye kioo cha kugusa badala ya vitufe, kwa vifaa ambavyo wengine wameviacha stoo au wamevipeleka kwa wauza chakavu. Hilo linawezekana kwa sababu kupiga muziki ni kazi nyepesi mno kwa kompyuta. Laptopu ya mwaka 2008 inayohema ikifungua kurasa za intaneti za leo hupiga wimbo kwa sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: kompyuta iwe yoyote iliyo nzima, lakini muda na fedha zako viende pale kidole cha mgeni kinapogusa, pale sikio lake linaposikiliza, na kwenye majina anayoyasoma. Mtu atakayesimama mbele ya mashine hii hajafundishwa kuitumia, na hapaswi kuhitaji kufundishwa.

Anza na kioo, kompyuta itafuata

Wengi huanza kwa kutafuta kompyuta, kisha wanakwama kwenye kioo. Geuza mpangilio huo. Kioo cha kugusa ndicho adimu, na ndicho kitakachoamua ukubwa wa sanduku, umeme utakaohitajika na hata programu utakazotumia.

Chanzo bora ni mashine za keshia zilizoondolewa kwenye supamaketi, maduka ya dawa, migahawa na vituo vya mafuta. Zimetengenezwa kuguswa mchana kutwa kwa miaka. Nyingi zina kioo cha inchi 15, na baadhi zina kompyuta nzima ndani yake isiyo na feni, jambo linalofaa sana kwa muziki kwa sababu hakuna mvumo nyimbo zinapotulia. Biashara ikibadili mfumo au ikifungwa, mashine hizi huuzwa kwa mnada au kwa jumla. Ukiwa Dar es Salaam ulizia Kariakoo. Ukiwa Nairobi ulizia Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Zungumza pia na mafundi wanaohudumia kompyuta za maduka mjini kwenu, maana stoo zao hazikosi vioo vilivyokaa bila kazi.

Njia ya pili ni kuunganisha kioo cha keshia kisicho na kompyuta na laptopu iliyovunjika kioo. Laptopu kama hiyo huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu tu kioo chake kimekufa, nawe kioo hicho hukihitaji. Ina faida kubwa pia: betri yake, ikiwa bado inashika chaji na haijavimba, huikinga kompyuta umeme unapokatika ghafla. Yenye GB 2 za RAM inafanya kazi. Yenye GB 4 inafanya kazi bila kusuasua.

Njia ya tatu ni Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, kama unayo iliyobaki kwenye kazi nyingine. Kuhusu tableti kuukuu, ushauri wangu ni kuiacha. Inaonekana kama njia ya mkato, lakini betri yake, ambayo si rahisi kuikagua wala kuitoa, ikikaa kwenye chaji mwaka mzima ndani ya sanduku lenye joto huweza kuvimba, na betri ya lithiamu iliyovimba ni hatari ya moto.

Popote unaponunua, omba risiti. Kifaa kisicho na historia kinaweza kukuletea polisi mlangoni. Na kama umenunua mashine ya keshia yenye diski, futa diski yote siku unayoifikisha nyumbani bila kuipekua. Inaweza kuwa na kumbukumbu za mauzo na za wateja, na hizo si zako.

Jaribu kioo kabla hujalipa

Vioo vya kugusa utakavyokutana navyo ni vya aina tatu hasa. Cha kwanza kina tabaka mbili nyembamba zilizoachana kidogo. Ukibonyeza zinagusana, na mashine inajua mahali. Hiki ndicho kilicho kwenye mashine nyingi za keshia za zamani. Hukubali kucha, ncha ya kalamu, glovu na kidole chenye mafuta ya samaki. Udhaifu wake ni mikwaruzo, na tabaka la juu huchakaa pale palipobonyezwa zaidi.

Cha pili ni kama cha simu yako: kinahisi mabadiliko ya umeme yanayoletwa na kidole. Hugusika kwa wepesi na kinaonyesha picha ang'avu, lakini hukasirishwa na maji, na adapta mbovu inaweza kukifanya kijibonyeze chenyewe. Cha tatu kina miale isiyoonekana inayopita juu ya kioo kutoka fremu hadi fremu, na kidole hukatiza miale hiyo. Ni kigumu kuharibika, ila nzi akitua, au vumbi likijaa kwenye fremu, wimbo unaweza kuchaguliwa na asiyekuwepo. Kwa sebule au baraza ambako watu wanakula na kunywa, nakushauri aina ya kwanza.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mwombe muuzaji akiwashe, ufungue programu yoyote ya kuchora, kisha vuta mstari polepole kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, halafu mwingine kando kando ya kingo zote nne. Mstari ukikatika au ukiruka mahali palepale kila mara, tabaka limekufa hapo, na usinunue. Mstari ukiwa mzima lakini umesogea kando ya kidole kwa umbali uleule kote, kioo hakina ubaya. Kinahitaji kusawazishwa tu, kazi ya dakika chache ukifika nyumbani.

Angalia pia waya za nyuma. Unataka waya wa picha wa VGA au HDMI na waya wa USB wa mguso. Vioo vya zamani zaidi hupeleka mguso kwa waya wa siriali wenye plagi ya pini tisa. Hivyo navyo hufanya kazi, ila vitakudai uvumilivu zaidi. Hakikisha unaondoka na adapta yake. Vingi hutumia V 12, lakini soma lebo ya nyuma ya kioo, usikisie.

Kila kitu mezani kwanza

Usikate ubao hata mmoja kabla mfumo mzima haujapiga muziki ukiwa umetandazwa mezani. Unganisha kompyuta, kioo, kikuza sauti na spika, kisha uache upige saa kadhaa mfululizo. Vifaa vilivyotumika huonyesha ugonjwa vikipata joto: kioo kinaanza kufifia, adapta inanuka, kompyuta inajizima. Ukiyaona hayo mezani, utabadilisha kifaa kimoja. Ukiyaona ndani ya sanduku lililokwisha kupakwa vanishi, utabomoa kazi ya seremala.

Hatua hii ndiyo pia wakati wa kununua vitu vichache vipya. Cha kwanza ni diski ya SSD. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, na mtikisiko wa spika zilizo kwenye sanduku hilohilo ni adui yake. SSD haina kinachozunguka. Ya GB 120 inatosha na kubaki, maana wimbo wa MP3 wa dakika nne kwa ubora wa kbps 320 huchukua MB 10 hivi, kwa hiyo GB 100 hubeba nyimbo kama 10,000. Kitu cha pili ni adapta yoyote ambayo huiamini. Umeme si mahali pa kubania fedha.

Umeme hauna mjadala

Vifaa vya zamani vina sehemu ambazo mtu asiye fundi hapaswi kuzigusa. Usifungue boksi la umeme la kompyuta wala adapta. Kapasita zake hushikilia chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Vioo bapa vya zamani huwashwa na taa nyembamba za mirija zinazotumia mamia ya volti na zina zebaki ndani, kwa hiyo usivibomoe kutafuta umbo jembamba. Na kama umevutiwa na kabati la televisheni ya kale ya mbao ulitumie kama sanduku, mpelekee fundi wa televisheni aondoe tyubu. Tyubu hiyo huweza kubaki na maelfu ya volti.

Ukiyaepuka hayo, kazi iliyobaki ni ya volti ndogo, kwa sababu adapta ndizo zinazoshughulika na umeme wa ukutani. Lete ndani ya sanduku waya mmoja mnene wenye plagi ya pini tatu, uishie kwenye ekstensheni imara iliyofungwa kwa skrubu. Plagi zetu za pini tatu za mraba zina fyuzi ndani, na mara nyingi huuzwa zikiwa na ya A 13. Itoe, uweke ya A 3. Mfumo wote, kompyuta, kioo na sauti, kwa kawaida hautumii zaidi ya W 200, yaani chini ya A 1 kwa V 230. Fyuzi ya A 3 itakatika mapema kitu kikiharibika. Ya A 13 itausubiri waya upate moto. Sanduku likiwa la chuma, au lina paneli ya chuma inayoguswa, liunganishe na waya wa ardhi.

Umeme ukikatika ghafla kompyuta inaweza kuharibu mafaili yake. Laptopu yenye betri nzima imekwisha kupona hapo. Ukitumia Raspberry Pi, washa mpangilio wake unaozuia mfumo kuandika chochote kwenye kadi, maana kadi za kumbukumbu ndizo zinazokufa haraka zaidi.

Sauti: mtumie mzee wa zamani

Spika za redio kubwa za sebuleni za miaka ya 1980 na 1990 bado zinapatikana kwa bei ndogo, na ushauri wangu ni kuzichukua pamoja na maboksi yake. Mtengenezaji alipanga ukubwa wa boksi kulingana na spika. Ukiitoa na kuiweka kwenye sanduku la kukisia unapoteza besi aliyoikusudia. Panga sanduku lako lipokee maboksi hayo mazima.

Kuna majaribio matatu ya kufanya kabla ya kununua. Pima ncha za spika kwa mita: iliyoandikwa ohm 8 husoma 6 au 7 hivi, ya ohm 4 husoma 3 na kitu. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Sukuma karatasi yake kwa vidole viwili, taratibu na kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua. Mwisho, gusa ukingo unaoishikilia karatasi. Wa sponji ya zamani humeguka kama mkate mkavu, hasa pwani. Wa mpira au kitambaa huishi muda mrefu. Ukifika nyumbani, gusisha betri ndogo ya V 1.5 kwenye ncha za kila spika kwa sekunde moja na uweke alama upande wa chanya unaoifanya karatasi itoke nje. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja ikitoka wakati nyingine inaingia, besi hupotea na watu hulaumu spika.

Kuhusu kikuza sauti una chaguo mbili nzuri. Sabufa ya nyumbani ambayo spika zake zimekufa lakini bodi yake ni nzima itafaa. Ukikosa, nunua bodi ndogo yenye chipu ya TPA3116D2 na uiwashe kwa adapta ya laptopu ya V 19 yenye W 65 au zaidi, na spika zako za ohm 4 au 8 zitapiga kwa nguvu inayotosha ua mzima. Pima plagi ya adapta kwa mita kwanza ujue chanya iko wapi. Tumia adapta ya peke yake kwa kikuza sauti, usigawane na ya kompyuta.

Tundu la hedifoni la kompyuta ya zamani mara nyingi hubeba kelele za kompyuta ndani ya sauti, kile kisauti cha kukwaruza kinachosikika wimbo ukiwa chini. Kadi ndogo ya sauti ya USB huondoa hilo. Ukisikia mvumo mzito usiobadilika, chomeka kila kitu kwenye ekstensheni ileile. Ukiendelea, weka kwenye waya wa sauti kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha kinachouzwa kwa ajili ya redio za magari. Kuna wanaotibu mvumo huo kwa kukata waya wa ardhi wa plagi. Usifanye hivyo kamwe, maana waya huo ndio unaomlinda anayegusa mashine.

Programu zinazotosha

Weka Debian, mfumo wa bure usiohitaji leseni na unaokubali kompyuta za zamani. Kazi ya kupiga muziki ipe MPD, programu inayofanya kazi nyuma ya pazia bila kioo cha kwake, kisha uweke myMPD inayoionyesha orodha kwenye kivinjari. Kivinjari kifunguke chenyewe kompyuta ikiwaka, kikijaza kioo chote, bila upau wa anwani na bila kitu kingine cha kubonyeza. Mgeni asione kamwe kwamba nyuma yake kuna kompyuta.

Mipangilio michache ndiyo inayoigeuza programu ya kawaida kuwa jukiboksi. Washa ule mpangilio wa MPD uitwao consume, unaoondoa wimbo kwenye foleni ukishapigwa. Washa jukiboksi ya myMPD, ili foleni ikiisha mashine ijichagulie nyimbo na ukumbi usibaki kimya. Zima kuunganisha nyimbo kwa kufifisha mwisho wa mmoja ndani ya mwanzo wa mwingine. Muziki wa dansi unamalizikia kwenye magitaa, na wachezaji huisubiri sehemu hiyo. Funga sehemu za kufuta na kuruka nyimbo, mgeni mmoja asiweze kumkatia mwenzake.

Kama unatumia laptopu, uiambie isilale kifuniko kikifungwa. Mpangilio huo uko kwenye faili la logind.conf, mstari wa HandleLidSwitch, uandike ignore. Zima kioo chake kilichovunjika kwenye mipangilio ya picha, la sivyo mguso utagawanywa kati ya vioo viwili na kidole hakitalenga. Kisha kisawazishe kioo cha kugusa kwa programu ya xinput_calibrator, inayokuomba uguse alama nne pembeni na kukupa mistari ya kuhifadhi.

Ukubwa wa vitufe usiukadirie kwa macho ya kijana. Kioo cha inchi 15 chenye nukta 1024 kwa upana kina sentimita 30 na ushee. Kitufe cha nukta 60 kwa hiyo kina milimita 18 hivi, upana wa kidole cha mtu mzima. Huo uwe ndio udogo wa mwisho. Maandishi yasomeke kutoka hatua mbili nyuma, kwa sababu mara nyingi watu wawili husimama pamoja na kubishana wimbo upi uje.

Nyimbo chache, majina sahihi

Hapa ndipo jukiboksi nyingi za nyumbani huharibika, baada ya fundi kufanya kila kitu vizuri. Kwa kuwa diski inabeba nyimbo 10,000, mtu anazimwaga zote. Mgeni anasimama, anasogeza orodha isiyo na mwisho, anachoka, anarudi kuketi. Kampuni ya Seeburg ya Marekani ilipotoa jukiboksi yake ya M100A mwaka 1948, sifa yake kubwa ilikuwa machaguo 100, santuri 50 kila moja kwa pande mbili, na hiyo ilihesabiwa kuwa neema. Anza na nyimbo 300 hadi 500 ambazo kweli watu wa nyumba yako wanazipenda. Nyingine zihifadhi kando, uingize chache kila mwezi na kutoa zisizoguswa.

Nyimbo zenyewe zitoke wapi? Nunua zinazouzwa mtandaoni, kisha geukia kaseti, santuri na CD za familia, ambazo zinaoza kabatini huku zikibeba muziki usiopatikana kwingine. Kwa kaseti, safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, unganisha redio na kadi ya sauti ya USB, na urekodi kwa programu ya Audacity ukiacha nafasi kidogo chini ya kikomo cha sauti. Kama muziki unasikika umefunikwa blanketi, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa; igeuze kidogo kidogo, mbele na nyuma, mpaka sauti kali za matoazi zifunguke. Saa moja ya rekodi isiyobanwa ni MB 600 hivi; ihifadhi kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote.

Santuri za 45 zina jambo lake. Upande mmoja hubeba dakika chache tu, kwa hiyo nyimbo nyingi za benga na za dansi zilikatwa katikati, sehemu ya 1 upande wa kwanza na ya 2 upande wa pili. Kwenye jukiboksi ya zamani hilo lilimaanisha sarafu mbili. Wewe unaweza kuziunganisha ziwe wimbo mmoja. Kata kwenye pigo la ngoma, usikilize mara kadhaa, na uhakikishe mwendo hauruki. Rekodi za kale zaidi, kama zile ambazo mwimbaji Siti binti Saad alizifanya Bombay kuanzia mwaka 1928, zina mkwaruzo mwingi. Punguza kidogo tu. Ukiusafisha wote utaondoka na mlio wa nyuzi za udi.

Kisha kuna majina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wimbo usio na jina sahihi umepotea hata ukiwa ndani ya diski. Programu ya MusicBrainz Picard itajaza majina ya nyimbo nyingi za sasa, lakini muziki wetu wa zamani utakudai kuandika kwa mkono. Amua tahajia moja ya kila msanii, vinginevyo Mbaraka Mwinshehe atatokea mara tatu, kwa jina refu, kwa jina fupi, na kwa jina la bendi yake ya Morogoro Jazz. Bendi nazo hubadili majina: NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Kijana atatafuta Msondo. Babake atatafuta NUTA. Andika jina la wakati wa rekodi kama msanii, kwa kuwa ndiyo historia ya wimbo, kisha weka zote kwenye kundi moja linaloitwa Msondo Ngoma ili kila mmoja afike. Panga makundi ya juu kwa namna nyumba yenu inavyozungumza: taarabu, dansi, benga, Bongo Fleva, rumba ya Kongo, kwaya, kaswida. Makundi manane yanayojaa kioo kimoja ni bora kuliko ishirini ya kusogeza.

Mwisho, sawazisha ukubwa wa sauti. Wimbo wa mwaka 1975 uliotoka kwenye kaseti utakuwa chini sana ukifuatana na wa mwaka huu, na mtu atakimbilia kitufe cha sauti. Programu ya rsgain hupima kila wimbo na kuandika kipimo ndani ya faili bila kuugusa muziki wenyewe. MPD ikiambiwa ifuate kipimo hicho, nyimbo zote hutoka kwa usawa.

Sanduku na mahali pake

Sasa mwite seremala. Kabati la zamani, meza ya redio au mbao za kitanda kilichovunjika hufaa kuliko mbao mpya, kwa sababu zimeshakauka na hazitajipinda. Katikati ya kioo iwe sentimita 120 hivi kutoka sakafuni kwa watu wazima wanaosimama, au chini ya hapo kama watoto au mtu wa kiti cha magurudumu ataitumia. Kilaze kidogo kwa nyuma, ili taa ya juu isirudi machoni na mkono usichoke. Spika zielekee mbele, usawa wa kifua cha aliyeketi.

Joto hupanda juu, kwa hiyo acha matundu chini na matundu mengine juu nyuma. Yafunike yote kwa wavu wa mbu. Mende na mijusi hupenda sana vifaa vyenye joto, na mjusi mmoja juu ya bodi anaweza kumaliza kazi ya wiki. Pwani, chumvi ya hewani huingia kila mahali. Tumia skrubu zisizoshika kutu na weka mashine mbali na dirisha linalotazama bahari. Mgongo wa sanduku uwe mlango wa skrubu nne, usipigiliwe misumari, kwa maana utafunguliwa tena.

Ukiitoa nje ya nyumba

Jukiboksi ikibaki sebuleni, nyimbo ulizozinunua ni za kusikiliza. Ukiiweka kwenye baa, mgahawa au saluni, unapiga muziki wa watu mbele ya umma, na sheria inakutaka uwe na leseni, hata kama hutozi sarafu. Tanzania Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ndiyo pa kuanzia kuuliza. Zanzibar ni COSOZA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na bodi yake ya hakimiliki, KECOBO, itakuambia ni taasisi ipi iliyoruhusiwa kukusanya ada mwaka huo. Lipa kwa moyo. Wanamuziki wengi waliojaza jukiboksi za zamani walikufa bila kuonja sarafu zilizotiwa humo, na kosa hilo halina sababu ya kuendelea na mashine zetu.

Acha maandishi ndani

Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, andika karatasi na uibandike ndani ya mlango: kila adapta ina volti ngapi na inakwenda wapi, fyuzi ni ya A ngapi, neno la siri la kompyuta, nyimbo zimehifadhiwa folda gani, na namna ya kuzima mashine kwa utaratibu. Weka nakala ya diski kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Kila kifaa ulichotumia kilikuwa kimekatiwa tamaa na mtu, mara nyingi kwa sababu tu hakuna aliyejua kilivyounganishwa. Kipo kitakachoharibika tena, pengine ukiwa safarini, na atakayefungua mlango huo atakuwa mpwa wako au fundi wa mtaani. Ukimwachia maelezo ya kutosha, atabadilisha adapta moja na muziki utaendelea jioni hiyohiyo.